Robine ya Saba

Siku ya kwanza Bi Nabintu hakutufundisha kitu.
Aliweka robine kavu juu ya meza,
shaba yenye kutu shingoni,
akasema: iulizeni.

Tulikuwa kumi na tisa, orofa ya pili, Nyawera,
dirisha moja latazama ziwa, jingine mlima unaomeguka.
Watu wa bunge la jimbo, watu wa hesabu,
na mimi na kalamu zangu tatu mfukoni mwa shati.
Mushagalusha akauliza: ilinunuliwa bei gani?
Mwingine: risiti iko wapi?
Mwingine: nani alitia saini?
Bi Nabintu akayaandika yote ubaoni, kwa upole,
kisha akaishika robine, akaifungua.
Ikalia, kiii.
Hakuna kilichotoka.
"Hamjaiuliza kazi yake," akasema.

Wiki nzima tukajifunza majina ya vitu tulivyovijua.
Kigezo: kile kilichopaswa kuwa.
Hali: kile kilichopo.
Halafu pengo, na chanzo cha pengo,
na nani analala na kiu kwa sababu yake.
Wengine huuliza pesa zimekwenda wapi, alisema,
ninyi mtauliza zimerudi na nini.
Franka yaweza kusafiri kihalali kabisa,
na barua, na muhuri, na mashahidi watatu,
ikafika ilikotumwa, ikafa.

Alhamisi tukapanda Kadutu.
Mvua ilikuwa imepita, njia imekuwa sabuni.
Viatu vyangu vya ngozi vilinidhalilisha
mbele ya watoto wenye bidoni za manjano.
Robine kumi na mbili, dosie ilisema.
Tulizikuta kumi na mbili.
Mushagalusha akatia alama zake, akafunga daftari.

Kwenye ya saba alikaa Mama Ntakwinja, muuza sambaza,
beseni lake limeegemea nguzo ya robine
kwa kuwa nguzo, walau, ilifaa kuegemewa.
"Mnahesabu vyuma?" akauliza. "Mimi nahesabu maji."
Akatuingiza ndani, akasukuma mlango:
nyuma yake, juu ya mbao, mistari ya mkaa,
kila mstari siku moja ya maji.
Januari, minne.
Februari, miwili na nusu,
"siku ile yalikatika bidoni haijajaa."
Machi, mbao tupu, na mjusi.
Binti yake hushuka mtoni saa kumi ya usiku,
hufika darasani kwenye somo la pili.
La kwanza ni hesabu.

Bi Nabintu akaomba ruhusa ya kupiga picha,
akasubiri mpaka alipopewa.
Akaandika tarehe, saa, jina la shahidi,
akamsomea Mama Ntakwinja yote aliyoyaandika,
akafuta neno moja ambalo Mama alilikataa.
Neno lenyewe lilikuwa "maskini".

Usiku, kwa taa ya betri, tukaipekua dosie.
Ukurasa wa arobaini: hati ya kupokea kazi.
*Zimejengwa. Zimekaguliwa. Zinatoa maji.*
Chini yake saini, mkia mrefu kama wa panya.
Panya huyo nilimjua.
Nilimfuga mwenyewe, miaka sita nyuma,
karani kijana, dereva ana haraka,
wingu limekaa juu ya mlima.

Nikawaambia. Sauti ilitoka kama robine ile.
Mushagalusha akatazama dari.
Bi Nabintu hakunigombeza, wala hakunifariji;
alinisukumia karatasi nyeupe.
"Ukurasa wa kwanza wa mkaguzi si wa mradi.
Ni wake mwenyewe.
Dosie hii hutaigusa tena, ataishika mwenzako.
Wewe sasa ni ushahidi. Andika."

Kalamu ya kwanza ilikauka.
Ya pili ikavuja, ikanipaka vidole.
Kwa ya tatu nikaandika polepole,
kama mtu anayechora kwa mkaa:
Mimi, Cishugi Namegabe,
siku hiyo
sikushuka garini.